Kwa Nini Waya wa Simu ya Upepo Huunguza?



Sisi wa Busunzu, kama wenzetu wa Kibondo na Kasulu, tumezizoea simu za upepo. Tangu wakimbizi wa Burundi walipoingia kwa wingi mwaka 1993, magari yenye antena ndefu yamepita sana katika wilaya zetu, na kwenye ofisi waya zilifungwa juu ya miti na nguzo. Mtoto akiona mashine inatumia betri ya gari ya volti 12, hudhani waya ule hauna hatari. Hapo anakosea, na ndiyo sababu ya somo hili.

Chukueni kamba ndefu, fungeni ncha moja kwenye mwembe, kisha itikiseni ncha ya pili. Nundu hukimbia hadi mtini na kurudi. Mkiendelea kutikisa kwa kipimo kinachofaa, zinazokwenda hukutana na zinazorudi, na kamba huonekana haisafiri tena: pana sehemu zinazoruka juu na chini, na sehemu zilizotulia. Hayo ndiyo mawimbi yaliyosimama.

Umeme wa redio hufanya vivyo hivyo. Waya mweusi unaotoka kwenye mashine kwa kawaida ni wa omu 50. Antena nayo ikiwa ya omu 50, nguvu inayofika huko hupokelewa yote. Isipolingana, sehemu hurudi.

Tuhesabu. Mashine inatoa wati 100. Zidisheni 100 kwa 50, kisha kwa 2, mpate 10,000. Kipeuo chake cha pili ni 100. Basi wimbi linalokwenda lina kilele cha volti 100, si 12 tena. Tuseme antena ina kasoro na nusu ya volti hizo inarudi. Mawimbi yanaposaidiana tunapata 150. Yanapopingana zinabaki 50. Gawanyeni 150 kwa 50, jibu ni 3. Huo ndio uwiano ambao fundi husoma kwenye kipimo chake, naye hupenda uwe karibu na 1. Antena ikikatika kabisa, volti zote hurudi: mahali pengine 200, pengine karibu na sifuri. Vilele hivyo huweza kuunguza transista, ingawa mashine nyingi za siku hizi hujipunguzia nguvu zenyewe. (Redio ya nyumbani tunayosubiria habari za mwandamo haina tatizo hili, kwa kuwa inapokea tu.)

Kwa megahezi 5, wimbi hewani lina urefu wa mita 60. Ndani ya waya wenye plastiki ngumu huenda kwa theluthi mbili tu za mwendo huo, hivyo ni mita 40, na kutoka kilele hadi kilele ni mita 20. Ernst Lecher wa Austria, karibu na mwaka 1890, alivionyesha vilele kwa kusogeza kigae cha kioo chenye gesi juu ya nyaya mbili sambamba: kiliwaka penye volti nyingi, kikazima penye chache.

Antena yenyewe pia ina wimbi lililosimama. Kwa megahezi hizo 5 ni waya wa mita 28 hivi, unaolishwa katikati, na volti kubwa kabisa ziko kwenye ncha zake mbili. Kwa wati 100 hufika mamia. Anayeshika ncha huungua ngozi. Kwa hiyo ncha zifungwe juu kusikofikiwa na mkono, na nguo zisianikwe hapo hata kama mashine iko kimya, maana anayebonyeza kitufe ofisini hamwoni aliye uani.