SOMO: LINUX GANI KWA MASHINI YA ZAMANI?

Tarehe 14 mwezi wa 10 mwaka 2025 Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10. Kompyuta nyingi za zamani haziwezi kubeba Windows 11. Je, tuzitupe? Hapana, tujaribu Linux.

Kiini cha Linux kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Finland. Ni cha bure. Watu mbalimbali wanakiongezea programu zao, ndiyo maana Linux ziko za namna nyingi. Sisi tulijaribu tatu juu ya mashini moja ya memori ya giga 2. Tuliziwasha kutoka kwa flashi, bila kugusa kazi zilizo ndani ya diski.

1. Ubuntu (2004), ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina maana yake ni "utu". Inapendeza macho, lakini mashini ilivuta kama lori katika matope.

2. Linux Mint (2006), yenye sura ya Xfce. Aliyezoea Windows hapotei. Ilitembea, ila kufungua kurasa nyingi za intaneti kuliichokesha.

3. Lubuntu, ndugu mwepesi wa Ubuntu. Hii ndiyo ilitembea vizuri kupita zote.

Basi tusichague kwa uzuri wa sura. Tuangalie kwanza nguvu ya mashini. Na kabla ya kuiweka kabisa, tunakili kazi zetu pembeni, maana diski inaweza kufutwa yote. Tena betri ijae: umeme ukikatika katikati, kazi inaharibika.

Swali: Mashini ya kwenu iko na giga ngapi?