Karanga za Kongwa: Somo juu ya Uamuzi Usio wa Busara



Maneno haya "uamuzi mbaya" hutumiwa ovyo. Mkulima hupanda kwa wakati, hupalilia vizuri, kisha mvua ikikatika katikati ya msimu majirani husema kwamba aliamua vibaya. Mwingine huchukua ada ya mtoto akaitia katika bahati nasibu, na akishinda watu husema ana akili. Sisi tuliokaa miaka mingi tukisahihisha madaftari hatuwezi kusahihisha namna hiyo. Mwanafunzi aliyebahatisha jibu hajui hesabu, hata kama jibu lake ni sawa na la kitabu. Uamuzi nao hupimwa kwa yale ambayo mwamuzi aliyajua siku ile alipoamua, au angaliweza kuyajua kama angaliuliza. Matokeo huja baadaye, na mara nyingine hudanganya.

Kwa somo la mwezi huu tumechagua jambo lililotokea Kongwa, katika nchi ya Wagogo, mahali ambapo makasisi wetu wengi wanapafahamu kwa ajili ya Chuo cha Mt. Filipo. Wazee waliliita jambo hilo "mambo ya karanga", na wengi walilisimulia kwa kicheko. Sisi tunadhani linastahili kusomwa polepole, kwa sababu waliolifanya hawakuwa wajinga wala wezi.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula, na watu wake walikuwa bado wakipimiwa chakula kwa kadi. Mwaka 1946 Bwana Frank Samuel, mkurugenzi wa kampuni ya United Africa, alitoa shauri kwamba karanga zilimwe kwa mashine katika Afrika ya Mashariki. Serikali ikatuma watu watatu kuchunguza, wakiongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa Mkurugenzi wa Kilimo katika Tanganyika. Walitembea kwa muda wa wiki tisa, sehemu kubwa kwa ndege, kisha wakaandika taarifa. Taarifa ilisema yafunguliwe mashamba 107 yenye ekari 30,000 kila moja, mengi yao Tanganyika, na mengine Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Jumla yake ekari 3,210,000, na gharama kama pauni milioni 24. Waziri wa Chakula, John Strachey, aliukubali mpango huo, na mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa.

Tunamwomba msomaji azidishe mwenyewe 107 kwa 30,000. Atapata 3,210,000 kamili. Hesabu haina kosa hata moja! Hapa ndipo tunapotaka kukaa kidogo, maana darasani tuliliona jambo hili kila mwaka. Mwanafunzi hunakili swali vibaya kutoka ubaoni, kisha hulifanyia kazi kwa uangalifu mkubwa, mistari imenyooka, jibu limepigiwa mistari miwili. Ukimwonyesha kosa hukasirika, kwa kuwa kazi yenyewe ni safi. Tarakimu zikipangwa vizuri huwa na heshima ambayo hazikuistahili. Mtu akituambia "ekari kama milioni tatu hivi" tutamwuliza maswali, lakini akisema "3,210,000" tunanyamaza, tukidhani kwamba kuna mtu aliyekwenda kuzipima.

Basi swali lilinakiliwa vibaya wapi? Katika udongo na katika mvua. Kila mama anayelima karanga anajua kwamba ua lake huchanua juu, kisha kikonyo huinama na kuingia ardhini, na ganda hukomaa chini ya udongo. Kwa hiyo karanga hutaka udongo mlaini, wakati wa kuzaa na wakati wa kung'oa pia. Udongo wa Kongwa ukipata mvua hulimika, lakini kiangazi kikiingia hukauka ukawa mgumu kama sakafu, na karanga hubaki zimefungwa humo. Mchanga wake mkali ulikula majembe ya matrekta. Vichaka vilikuwa na mizizi iliyosukana chini kwa chini, na mibuyu haikukubali kung'oka upesi. Matrekta mengi yalinunuliwa yakiwa yamekwisha kutumika, mengine mabaki ya vita kutoka Ufilipino, na hata vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta. Mashine zikaharibika upesi kuliko zilivyoweza kutengenezwa. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizopatikana zilikuwa kama 7,500.

Na mvua? Ugogo hupata mvua kidogo, na hiyo kidogo haina ahadi. Njaa kuu ambayo Wagogo huiita Mtunya iliwapiga kati ya mwaka 1917 na 1920. Maana yake ni kwamba mzee wa Kigogo aliyekuwa na miaka 50 mwaka 1946 alikuwa ameiona kwa macho yake. Habari hiyo haikufichwa kabatini. Ilikuwa ikitembea barabarani na fimbo mkononi. Karanga zilikuwa zikilimwa na wenyeji, ni kweli, lakini kwa jembe la mkono, katika vipande vidogo, na mtu alichagua kipande kwa kuujua udongo wake tangu utoto. Ukiona karanga zimestawi katika robo ekari iliyochaguliwa na bibi mwenye kujua, hujaona bado kwamba zitastawi katika ekari 30,000 zilizochaguliwa na rubani.

Tukifika hapa wengine husema, "Walikuwa wageni, wangejuaje?" Hatukubali. Kulikuwa na njia ambayo kila chuo cha kilimo hufundisha, nayo ni shamba la majaribio. Kama wangalilima ekari chache kwa misimu miwili au mitatu, udongo wenyewe ungaliwajibu, tena bila kutoza ada. Lakini watu wa Uingereza walikuwa wakitaka mafuta mezani, na kila mwaka wa majaribio ulionekana kuwa mwaka wa njaa kwa wengine. Hii ndiyo sehemu ya somo inayotusumbua sisi zaidi ya nyingine zote. Nia ilikuwa njema, na nia njema ndiyo iliyoziba maswali. Mtu anayepinga wizi husifiwa, lakini anayesema "ngojeni kwanza" mbele ya kazi ya kulisha wenye njaa huonekana hana huruma. Kwa hiyo kadiri kusudi lilivyo takatifu, ndivyo inavyokuwa vigumu kwa mtu mwenye busara kufungua kinywa. Sisi watu wa Kanisa hatuna haki ya kuwacheka watu wa Kongwa katika jambo hili.

Maandiko yanatupa mfano wa jirani sana katika 1 Wafalme sura ya 12. Mara nyingi husemwa kwamba Rehoboamu alianguka kwa kutokutaka ushauri. Soma tena, ndugu msomaji. Aliomba siku tatu, akawauliza wazee waliomtumikia Sulemani baba yake, kisha akawauliza vijana waliokua pamoja naye. Aliuliza kuliko wafalme wengi! Kasoro yake ni kwamba aliendelea kuuliza mpaka alipopata jibu lililofanana na moyo wake, ndipo akafunga mkutano. Wazee walimwambia awe mpole kwa watu. Vijana walimwambia awatishe. Makabila kumi yakaondoka. Tena baada ya hayo akamtuma Adoramu, msimamizi wa kazi za kulazimishwa, kwa watu wale wale waliokuwa wakilalamikia kazi hizo, nao wakampiga mawe hata akafa. Huyu ni mtu aliyekwisha kuona matokeo, na bado alijaribu dawa ile ile kwa kipimo kikubwa zaidi.

Kongwa nako, mwaka wa kwanza ulipoharibika, kazi haikusimama. Mwaka 1948 shirika jipya la serikali, Overseas Food Corporation, lilishika madaraka, na kazi ikaendelea Urambo na Nachingwea pia. Bandari ya Mtwara ilijengwa, na reli ya kwenda Nachingwea ikatandikwa kwa ajili ya karanga ambazo hazikuwapo. Msemo wa watu katika hali kama hii tunaujua: "Tumekwisha kutumia fedha nyingi, hatuwezi kuacha sasa." Lakini fedha iliyokwisha kutumika haiwezi kuokolewa kwa kuitumia nyingine, imekwenda, ukiendelea au ukiacha. Linalobaki kuulizwa ni kama shilingi ya kesho itazaa kitu. Mwezi wa Januari 1951 serikali ya Uingereza ilikubali kuuacha mpango ule, na zaidi ya pauni milioni 36 zikafutwa vitabuni. Magazeti ya huko yaliwadhihaki sana viongozi wake. Sisi tungewapa alama kwa siku ile, kwani walichelewa, lakini ndiyo siku waliyosoma swali kama lilivyoandikwa.

Wako wanaotukumbusha kwamba bandari ya Mtwara ingali ikifanya kazi, na kwamba Kongwa pana ranchi ya ng'ombe. Vizuri, na tunafurahi. (Reli, kwa upande wake, haikudumu, iling'olewa.) Lakini mema yaliyookotwa baadaye hayausahihishi uamuzi wa kwanza, kama vile ushindi wa bahati nasibu usivyomfanya yule mzazi kuwa mwangalifu.

Kwa mazungumzo ya vikundi, someni kwanza 1 Wafalme 12:1-20, kisha mchukue jambo moja ambalo parishi yenu inataka kulifanya kwa fedha nyingi au kwa mkopo, kama vile jengo, mashine ya kusaga au gari. Mweka hazina asome tarakimu zake, na kwa kila tarakimu mtu mmoja aulize ilipatikana kwa kupimwa au kwa kukisiwa. Zungumzeni ni jaribio gani dogo lingeweza kufanywa kabla, na lingechukua msimu mmoja au zaidi. Mwisho, kila mmoja aandike katika karatasi, bila kutia sahihi yake, jina la mtu katika parishi anayelijua jambo hilo kuliko wote na ambaye hajaulizwa. Karatasi zipewe kasisi.