Ramani ya Mtandaoni Inayomfikisha Mtu: Somo kwa Vikundi vya Wadi

Vikundi kadhaa vya vijana katika wadi zetu vimeanza kutengeneza ramani za mtandaoni: za visima, za vituo vya afya, za barabara zinazokatika msimu wa mvua. Ni kazi ya kupongezwa. Lakini nyingi hupendeza kwenye kompyuta ya aliyezichora na kumshinda anayezihitaji. Kwa hivyo somo la toleo hili tulifanye kwa mfano mmoja, ramani ya vituo vya afya, na mtumiaji mmoja: mzazi aliyebeba mtoto mwenye homa kali, saa tano usiku, chaji ya simu imebaki asilimia kumi na bando ni za shilingi ishirini.

Mzazi huyu ana swali moja: kituo gani kiko wazi sasa, na nitafikaje? Hakuja kutazama mipaka ya wadi, idadi ya watu wala picha za setilaiti. Kisichojibu swali lake kiondoe, au kifiche nyuma ya kitufe. Zahanati nyingi, yaani vituo vya kiwango cha 2, hufungwa jioni. Ramani inayoonyesha vituo vyote kwa alama ya namna moja inaweza kumpeleka kwenye lango lenye kufuli. Basi alama ikiguswa, kisanduku kinachofunguka kianze na jina la kituo na saa zake, kisha nambari ya simu inayopigika kwa kuigusa. Historia ya kituo na jina la aliyekifungua havina haja ya kuwapo. (Usitumie msalaba mwekundu kwenye weupe kama alama. Hiyo ni nembo inayolindwa na Mikataba ya Geneva ya 1949. Herufi H inatosha.)

Kuhusu bando. Ramani nyingi za mtandaoni hukatwa vipande vya mraba, kama vigae vya sakafu, kila kimoja kwa kawaida pikseli 256 kwa 256. Katika ngazi ya 0 dunia yote imo kwenye kigae kimoja. Ukisogea karibu ngazi moja, kila kigae hugawanyika kuwa vinne, na kufikia ngazi ya 10 vimepita milioni moja. Simu hupakua vile tu vinavyoonekana kwenye skrini na vya pembeni kidogo. Ramani inayofunguka ikionyesha Afrika nzima na kumwacha mtu ajikokote hadi kijijini kwake inamlia bando bure. Ifungukie moja kwa moja kwenye kaunti yetu.

Sasa tufike penye makosa mengi zaidi. Mahali popote huandikwa kwa namba mbili, latitudo na longitudo. Katikati ya Nairobi ni karibu -1.29 na 36.82. Ikweta inapita katikati ya nchi yetu, kwa hivyo ile alama ya kutoa si pambo: ukiisahau, kituo cha Nairobi kitarukia karibu na Maralal, Samburu. Ukizigeuza namba hizo mbili, kitatua katika Bahari ya Mediterania, kusini-mashariki mwa Uhispania. Ukiacha nafasi tupu na programu ikaisoma kama sufuri, kitaelea katika Ghuba ya Guinea. Kuzigeuza ni rahisi kwa sababu programu zenyewe hazikubaliani: Leaflet, inayopendwa na wanaoanza, hutaka latitudo kwanza, ilhali faili ya GeoJSON hutaka longitudo kwanza. Mwandishi wa somo hili aliwahi kuwaonyesha wakubwa wake ramani yenye zahanati tatu baharini. Tangu siku hiyo hufungua ramani na kuitazama dunia nzima kabla ya kumwonyesha mtu.

Hata namba zikiwa sahihi, umbali unaweza kudanganya. Programu ndogo hupima kilicho karibu kwa mstari ulionyooka. Kituo kilicho kilomita mbili ng'ambo ya mto kinaweza kuwa mwendo wa kilomita tisa kwa kuzungukia darajani. Kama huwezi kupima kwa barabara, andika wazi kwamba umbali ni wa mstari ulionyooka, na mto uonekane.

Nasi hatuelekezani kwa namba za nyumba. Tunasema shuka steji ya soko, fuata ukuta wa shule, pita msikiti. Alama hizo zitie kwenye ramani, na sehemu ya kutafutia izitambue kwa majina wanayoyatumia wakazi. Mwaka 2009, kupitia mradi wa Map Kibera, vijana wa Kibera walitembea mitaani na vifaa vya GPS na kuingiza vyoo, shule, zahanati na vituo vya maji katika OpenStreetMap, ramani huria ambayo yeyote anaweza kuihariri. Kabla ya hapo mtaa wao ulikuwa karibu mtupu kwenye ramani za mtandaoni.

Usiombe ruhusa ya kujua mtu alipo mara tu anapofungua ukurasa. Wengi hukataa kwa hofu. Subiri abonyeze kitufe cha kutafuta kituo cha karibu. Na usikihifadhi alichokupa: alipo mtu ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019.

Vitufe viwe vikubwa kutosha kidole gumba, pikseli 44 kila upande. Usitenganishe kilicho wazi na kilichofungwa kwa kijani na nyekundu peke yake, kwani wapo wasioweza kuzitofautisha rangi hizo, ongeza neno. Chini ya ramani weka orodha ya vituo hivyo kwa maandishi. Itamfaa asiyeona, ambaye simu humsomea, na yule ambaye mtandao umemkatikia nusu ya ramani.

Kisha mpe simu mtu ambaye hakushiriki, muulize lile swali la mzazi, nawe unyamaze. Mama mmoja muuza mboga alipopewa ramani yetu ya majaribio aligusa ufunguo wa ramani mara nne, akidhani zile alama ni vitufe. Hakukosea yeye. Tuliugeuza ufunguo ukawa vitufe, na sasa ukigusa neno "Wazi usiku", vituo vingine vyote hupotea.