Mcheza Kwao Hutuzwa: Hadhira, Mahali na Utendaji katika Matamasha ya The Tragically Hip ya Kanada

Utangulizi

Katika taaluma ya fasihi simulizi, fanani na hadhira hutajwa sambamba, lakini hawachunguzwi kwa kiasi sawa. Mhakiki huandika kurasa nyingi kuhusu mtambaji, sauti yake, ishara zake na ustadi wake wa kuteua maneno. Hadhira nayo hupewa aya moja tu: ilicheka, ilipiga makofi, iliitikia. Makala haya yanadhamiria kusawazisha mizani hiyo kwa kuchunguza hadhira moja iliyo mbali na mazingira ya Afrika Mashariki, yaani mashabiki wa bendi ya roki ya The Tragically Hip ya nchini Kanada.

Huenda msomaji akauliza: roki ya Kanada inahusiana vipi na fasihi simulizi? Uhusiano uko katika utendaji. Tangu Ruth Finnegan alipochapisha kitabu chake kuhusu fasihi simulizi ya Afrika mwaka 1970, wataalamu wengi wamekubali kwamba kazi simulizi hukamilika inapotendwa mbele ya watu. Iwapo kauli hiyo ni ya kweli, basi inafaa kupimwa pia mahali ambapo umeme, vipaza sauti na runinga vimeingia kati ya fanani na hadhira. Hoja ya makala haya ni kwamba shabiki wa tamasha la moja kwa moja ni mtunzi mwenza, na kwamba mapenzi yake kwa muziki huo hayatenganiki na mapenzi yake kwa mahali anapotoka.

Bendi na Mahali Pake

The Tragically Hip iliundwa mwaka 1984 katika mji wa Kingston, mkoa wa Ontario, kando ya Ziwa Ontario. Mwimbaji na mtunzi wake mkuu wa maneno alikuwa Gord Downie. Bendi hii ilipata umaarufu mkubwa nchini mwao, ingawa haikuwahi kutamba kwa kiwango hicho katika nchi jirani ya Marekani. Kwa mashabiki wengi, jambo hilo liliongeza mapenzi. Walihisi kwamba bendi hii ni yao, na kwamba mgeni hangeielewa kikamilifu.

Hisia hiyo ina historia yake. Tangu mwaka 1971, kanuni za utangazaji za Kanada zimezilazimu stesheni za redio kupiga kiwango maalumu cha muziki wa Kikanada. Kiwango hicho kilianza kwa asilimia 30, kikapandishwa hadi asilimia 35 kwa muziki wa kisasa mwishoni mwa miaka ya 1990. Sababu ni rahisi kuelewa: nchi iliyopakana na taifa kubwa linalotumia lugha ileile na lenye tasnia kubwa zaidi ya burudani huweza kumezwa. Hata hivyo, kanuni huweza kumfanya mtu asikie wimbo. Haiwezi kumfanya aupende. Mapenzi yalitokana na yale yaliyomo katika nyimbo zenyewe.

Majina ya Mahali kama Kumbukumbu ya Pamoja

Nyimbo za bendi hii zimejaa majina ya mahali na watu wa Kanada. “Fifty Mission Cap” ya mwaka 1992 inamkumbuka Bill Barilko, mchezaji wa hoki ya barafuni aliyeifungia Toronto Maple Leafs bao la ubingwa mwaka 1951, kisha akatoweka katika ajali ya ndege miezi michache baadaye. Timu hiyo haikutwaa tena kombe hadi mwaka 1962, mwaka uleule ambao mabaki yake yalipatikana. “Wheat Kings”, iliyotoka pia mwaka 1992, inagusia kisa cha David Milgaard, aliyefungwa kwa zaidi ya miaka 20 kwa mauaji ambayo hakuyatenda.

Mfano ulio bora zaidi ni “Bobcaygeon” ya mwaka 1998. Bobcaygeon ni mji mdogo wa Ontario ambao watu wengi wa nje hawangeusikia kamwe. Kwa kutajwa katika wimbo, mji huo ulipata nafasi katika ramani ya hisia za taifa. Bendi ilipokwenda kutumbuiza huko mwaka 2011, maelfu ya mashabiki walifurika katika mji huo. Hapa mahali palizaa wimbo, nao wimbo ukawaita watu mahali. Jina lililokuwa neno katika ubeti likawa udongo chini ya miguu ya msikilizaji. Mwanafunzi wa fasihi atakumbuka kwamba majigambo, nyimbo za jando na visasili vya Kiafrika navyo hutaja milima, mito na mashujaa ambao msikilizaji anawafahamu tayari. Kutajwa kwa jina hakumpi msikilizaji habari mpya; kunamthibitishia kwamba yeye ni miongoni mwa wanaojua.

Utungaji wa Papo kwa Papo

Sifa nyingine inayoyakaribisha matamasha haya katika uwanja wa fasihi simulizi ni ubunaji wa papo kwa papo. Downie alizoea kuukatiza wimbo katikati na kuanza kusimulia kisa ambacho hakimo katika rekodi. Wimbo wa “New Orleans Is Sinking” wa mwaka 1989 ndio uliotumika zaidi kwa kazi hiyo. Ala ziliendelea kupigwa taratibu naye akibuni hadithi, mara ya kuchekesha, mara ya kutisha. “Nautical Disaster”, uliotoka katika albamu ya mwaka 1994, ulianza kusikika katika pengo hilohilo la jukwaani kabla ya kurekodiwa kama wimbo unaojitegemea.

Ndiyo sababu shabiki wa bendi hii hakuridhika na albamu pekee. Alihudhuria onyesho moja na kesho yake akalifuata jingine katika mji wa pili, kwa kuwa hakuna maonyesho mawili yaliyolingana. Mashabiki walibadilishana kanda za maonyesho na kujadili tofauti zake, kama vile mtafiti anavyolinganisha matoleo mawili ya ngano moja. Bila kujiita wahakiki, walikuwa wakifanya kazi ya uhakiki.

Usiku wa Kingston

Mwezi wa Mei mwaka 2016 ilitangazwa kwamba Downie alikuwa na saratani ya ubongo isiyotibika. Badala ya kustaafu, bendi ilianza ziara iliyofungua pazia mjini Victoria, pwani ya magharibi, mwezi wa Julai, na kufikia tamati nyumbani Kingston tarehe 20 Agosti 2016. Ukumbi ulichukua watu wasiofika elfu saba. Maelfu wengine walikusanyika katika uwanja wa soko wa mji huo mbele ya skrini kubwa, na shirika la utangazaji la taifa, CBC, lilirusha onyesho zima bila matangazo ya biashara. Inakadiriwa kwamba watu wapatao milioni 11.7 walilifuatilia kwa wakati mmoja au mwingine, takribani theluthi moja ya wakazi wa nchi.

Ugonjwa ulikuwa umeidhoofisha kumbukumbu ya Downie, na katika ziara hiyo aliwekewa jukwaani skrini zenye maneno ya nyimbo zake mwenyewe. Katika nadharia, fanani ndiye ghala la kumbukumbu ya jamii. Usiku ule ghala lilikuwa limehamia upande wa pili wa jukwaa: waliosimama chini walikumbuka kila neno, na waliimba pamoja na mtu aliyekuwa akisoma maneno aliyoyatunga. Kama kuna ushahidi kwamba hadhira ni mtunzi mwenza, ndio huu.

Sauti Iliyokosekana

Hata hivyo, mapenzi ya mahali yana hatari yake. Taifa linalojiimba kwa furaha laweza kuwasahau wasiotajwa katika wimbo. Kwa zaidi ya karne moja, watoto wa wenyeji asilia wa Kanada walitenganishwa na wazazi wao na kupelekwa katika shule za bweni zilizokusudiwa kufuta lugha na utamaduni wao. Tume ya Ukweli na Maridhiano ya nchi hiyo ilitoa ripoti yake ya mwisho mwaka 2015.

Akiwa jukwaani Kingston, mbele ya Waziri Mkuu Justin Trudeau aliyekuwa miongoni mwa hadhira, Downie alizungumzia hali ya wenyeji wa kaskazini na kumtaka kiongozi huyo awajibike. Oktoba mwaka huohuo alitoa “Secret Path”, mkusanyiko wa nyimbo kuhusu Chanie Wenjack, mvulana wa miaka 12 aliyefariki mwaka 1966 baada ya kutoroka shule ya bweni na kujaribu kurudi kwao kwa miguu, umbali wa takribani kilomita 600. Mwezi wa Desemba viongozi wa wenyeji asilia walimpa Downie jina la Wicapi Omani, lenye maana ya atembeaye kati ya nyota. Alifariki tarehe 17 Oktoba 2017. Kwa tendo lile la jukwaani, fanani aliitumia nafasi ambayo hadhira ilimpa kwa mapenzi ili kuielekeza mahali ambapo mapenzi hayo hayakuwa yamefika.

Mafunzo kwa Mwanafunzi wa Kiswahili

Anayeifahamu taarabu ya pwani hatashangazwa na mengi katika uchunguzi huu. Katika ukumbi wa taarabu, anayeinuka kwenda kutuza huupa wimbo maana ambayo huenda mtunzi hakuikusudia: ubeti wa mapenzi hugeuka kijembe kwa jirani aliyeketi safu ya pili. Hadhira hapo hutunga kwa mwili na kwa noti. Pamoja na ufanano huo, mtafiti anayerekodi taarabu mara nyingi huielekeza kamera yake jukwaani tu.

Yafaa basi anayekwenda nyanjani aandike pia ni beti zipi zilizoimbwa na hadhira, ni jina lipi la mahali lililoamsha vigelegele, nani aliinuka, na nani alibaki kimya. Kimya nacho ni data, kwani huonyesha ambao wimbo haukuwataja.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba shabiki wa tamasha hutunza kumbukumbu, hulinganisha matoleo, hukipa mahali thamani, na pale fanani anapodhoofika, humshikia maneno. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Usiku wa Kingston unaongeza kwamba tuzo kubwa kuliko zote ambayo fanani aweza kupewa na watu wa kwao ni wao kuukumbuka wimbo wakati yeye hawezi tena.