Ametoka porini, mtaa haumtaki

Shangazi, ninalea mtoto wa marehemu dada yangu hapa Bunia. Wanamgambo walimchukua akiwa na miaka 13. Sasa ana 15 na amerudi. Majirani wanamwita muuaji. Wazazi wengine wameapa kuwatoa watoto wao shuleni akiandikishwa. Mume wangu anataka tumpeleke mbali. Nifanye nini?
Mama Mdogo, Ituri

Mwanangu, umefanya vema kumpokea. Usimpeleke mbali: akifichwa, mtaa utasema ana hatia, naye ataamini.

Aliyekosa ni aliyemchukua. Sheria ya Kongo ya ulinzi wa mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na anayemwingiza katika kundi la silaha hustahili kifungo cha miaka 10 hadi 20. Hapo hapo Ituri, Thomas Lubanga, kiongozi wa wanamgambo, aliwaingiza vitani watoto wasiofika miaka 15. Mwaka 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) kule The Hague ilimfunga miaka 14. Aliyesimama kizimbani ni mkubwa aliyewatumia.

Kwanza, uliza kama alipewa cheti cha kutoka kundini. Kama hana, shirika la ulinzi wa watoto likusaidie kukipata, asije akakamatwa na askari barabarani akidhaniwa bado ni mpiganaji.

Pili, majirani. Wengine wamezika watu wao. Usibishane na msiba wao. Wape pole, kisha waulize: nani alimpa mtoto wa miaka 13 bunduki? Hasira yao ielekee huko.

Tatu, nyumbani msimhoji. Akishtuka usiku, washa taa, mwite kwa jina lake, mpe maji, kaa naye mpaka atulie. Aliyoyaona ni yake kuyasema au kuyanyamazia. Asisimamishwe kanisani kutoa ushuhuda, wala asipigwe picha na wageni wa mashirika. Siku akitaka kuwashtaki waliomchukua, apate wakili kwanza, na ulinzi wake ujulikane kabla hajataja jina la mtu.

Kuhusu mumeo: mwambie heshima ya nyumba hailindwi kwa kumficha kijana. Mwende naye wote wawili shuleni, mchana, mkazungumze na mwalimu mkuu. Mtaa ukiona mnamwonea fahari, na wengine watathubutu kumsalimu.