Mahitaji au Utashi? Tatizo la Istilahi Moja ya Soko

Aghalabu mwanafunzi wa Kiswahili akipewa kifungu cha uchumi akitafsiri, huandika "mahitaji" kila panapotajwa kile wanunuzi wanachokitafuta sokoni. Makala haya yanadai kuwa neno hilo, japo limezoeleka, huficha jambo zito.

Tuchukue mfano wa unga wa mahindi. Mwaka 2017 bei yake ilipanda mno nchini Kenya hata serikali ikatoa ruzuku, pakiti ya kilo 2 ikauzwa shilingi 90. Tuseme kaya iliyozoea kununua pakiti nne kwa juma ilinunua mbili tu kabla ya ruzuku hiyo. Je, mahitaji yake yalikuwa yamepungua? La hasha! Watoto walikuwa wale wale na njaa ile ile. Kilichopungua ni kiasi ambacho kaya hiyo ilikuwa radhi kukinunua, na yenye uwezo wa kukilipia, kwa bei ya wakati huo. Mwanahabari anayetangaza kuwa "mahitaji ya unga yamepungua" huwa amewaarifu wasomaji, pasi na kukusudia, kwamba watu wameshiba.

Adam Smith aliitambua tofauti hii katika kitabu chake cha 1776. Kwake, maskini hohehahe anaweza kutamani gari la kifahari la kukokotwa na farasi sita, lakini tamaa hiyo haiwezi kulileta gari sokoni, kwani haina fedha nyuma yake.

Badala ya mahitaji, napendekeza "utashi". Nomino hii hutokana na kitenzi taka, /k/ ikigeuka /sh/ kama katika pika na mpishi, au cheka na ucheshi. Kuna watakaopinga kwamba utashi nao hautaji fedha, tena umekwisha kuzoeleka katika "utashi wa kisiasa". Pingamizi hilo lina uzito. Hata hivyo, kutaka kunakaribia uchaguzi wa mnunuzi kuliko kuhitaji, na sharti la fedha laweza kuelezwa katika fasili.

Fauka ya hayo, utashi usichanganywe na kiasi kinachotakiwa. Bei ya unga ikipanda, hushuka kiasi. Utashi wenyewe hubadilika kipato kinapobadilika, bei ya mchele inaposhuka, au majira yanapogeuka. Ramadhani ikiingia Mombasa, tende hununuliwa kwa wingi hata kama bei yake haijapungua kwa senti moja.