Unakili wa Sifa kwa Ulinganifu wa Majina: Suala la Umbo na Maana

1.0 Utangulizi

Makala hii inachunguza mbinu ya kunakili sifa za kitu kimoja cha programu kwenda kingine. Msingi wake ni uwezo wa programu kujichunguza, dhana iliyofafanuliwa na Brian Cantwell Smith mwaka 1982 na kuingizwa katika lugha ya Java, toleo la 1.1, mwaka 1997.

2.0 Utaratibu

Chukulia vitu viwili, Mwanafunzi na Fomu. Programu huorodhesha sifa za Fomu, hutafuta katika Mwanafunzi sifa zenye majina yaleyale, huhakiki upatanifu wa aina za data, kisha huhamisha thamani. Katika maktaba ya Spring, sifa isiyo na mwenzake hurukwa pasipo onyo.

3.0 Mjadala

Ulinganisho huo ni wa umbo, si wa maana. Neno "paa" hutaja mnyama na pia sehemu ya nyumba. Msikilizaji hutofautisha kwa muktadha. Programu haina muktadha huo. Iwapo "tarehe" ya Mwanafunzi ni ya kuzaliwa, na ya Fomu ni ya kusajiliwa, unakili utakamilika bila hitilafu kuonekana, na kumbukumbu itakuwa ya uongo. Kinyume chake, "jina" na "jinaKamili", hata zikiwa na maana moja, hazitaoanishwa.

4.0 Hitimisho

Mbinu hii hufaa pale tu ambapo majina yamesanifiwa kama istilahi zinavyosanifiwa. Yanapohitilafiana, kila uoanishaji hauna budi kuandikwa bayana.